Mjadala: Tajiri mmoja aliibeba Parma au aliiangusha?

Wakuu, kuna mdau ametetea hoja kwamba klabu ya mji mdogo haifiki popote Ulaya bila tajiri mmoja wa kuibeba, na mfano wake ni Parma ya Italia. Mimi nasema Parma hiyo hiyo ndiyo inayompinga.

Pesa ya Calisto Tanzi, mwenye kampuni ya maziwa ya Parmalat, ilifanya makubwa, hilo halina ubishi. Timu ilipanda Serie A, ligi kuu ya Italia, kwa mara ya kwanza mwaka 1990 chini ya kocha Nevio Scala. Mwaka 1993 ikatwaa Kombe la Washindi la Ulaya pale Wembley, London, 1995 ikachukua Kombe la UEFA mbele ya Juventus, na 1999 ikalibeba tena kwa kuichapa Marseille 3-0. Buffon, Thuram, Cannavaro, Verón na Crespo, wote kikosi kimoja! Tuliokua tukiifuatilia ile timu bado tunaipenda.

Ila tuulize ile pesa ilitoka wapi. Desemba 2003 Parmalat ilianguka ikiwa na pengo la takriban euro bilioni 14, hesabu zimepikwa kwa miaka mingi. Klabu ikaangukia mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi, na mastaa wakauzwa.

Baadaye akaja mmiliki mwingine. Wakenya wanakikumbuka kipindi hicho, maana kiungo wao McDonald Mariga alitua Parma 2007 na mwaka 2010 akahamia Inter Milan. Kwa nje mambo yalionekana mazuri. Mwaka 2014 Parma ilimaliza ya sita, lakini ikanyimwa leseni ya UEFA ya kucheza mashindano ya Ulaya kwa sababu ya kodi ambayo haikulipwa. Msimu uliofuata klabu iliuzwa kwa euro moja, wachezaji wakakaa miezi bila mishahara, na mechi ya nyumbani dhidi ya Udinese ikaahirishwa kwa kukosa pesa ya kulipia walinzi wa uwanjani. Mwaka 2015 ikafilisika na kuanza upya Serie D, daraja la nne.

Nani aliiokoa? Watu wa Parma. Wafanyabiashara saba wa pale, akiwemo Guido Barilla wa tambi na Gian Paolo Dallara wa magari ya mbio, walichanga mtaji, na mashabiki wakafunguliwa mlango wa kununua hisa. Scala akarudi kama rais. Nahodha Alessandro Lucarelli akakubali kushuka na timu hadi daraja la nne. Ikapanda 2016, 2017 na 2018, mfululizo hadi Serie A.

Najua mtasema Barilla naye ni tajiri. Ni kweli, lakini mzigo ulibebwa na saba, na hakuna aliyeweza kuwaficha wenzake hesabu kirahisi. Mtasema pia kwamba 2017 waliuza hisa nyingi kwa mwekezaji wa Uchina. Mwaka uliofuata walilazimika kurudisha udhibiti mikononi mwao!

Tangu 2020 asilimia kubwa ya hisa iko kwa Mmarekani Kyle Krause. Timu imeshuka 2021, imerudi 2024. Sina ugomvi naye. Ninachotaka ni Italia iige Ujerumani, ambako kwa kawaida wanachama wa klabu hubaki na zaidi ya nusu ya kura.

Anayepinga anijibu: mmiliki mmoja akiondoka kesho, deni linabaki kwa nani?