Naomba ushauri: nihame Harehills (Leeds) au nibaki? Nyumba ina ukungu, jirani kavunjiwa mlango

MamaNeema
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mlioko Uingereza, maana kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Nakaa Harehills na binti yangu wa miaka minne. Nyumba za mtaa wetu ni zile za matofali zilizopeana migongo: ukuta wako wa nyuma ndio ukuta wa nyuma wa mwenzako. Hakuna ua wala mlango wa uani. Mlango ni mmoja, unatazama barabara.

Usiku watu wanatupa magodoro na makochi njiani. Pikipiki zisizo na namba zinapita kwa kasi watoto wakiwa nje. Kuna nyumba moja watu wanagonga, wanapewa kitu, wanaondoka, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Juzi jirani yangu kavunjiwa mlango mchana, yuko kazini.

Ndani nako ukungu mweusi umepanda ukutani chumba cha mtoto, na anakohoa tangu baridi ianze. Mwenye nyumba nikimwambia anajibu nifungue madirisha. Sasa dalali wake kanitumia mkataba mpya wa miezi 12, kodi imepanda, eti nisiposaini nitoke. Amana nililipa, karatasi yake sijaiona.

Kinachonishika hapa ni kazi. Nikitoka zamu ya usiku hospitali ya St James's nafika nyumbani kwa mguu. Mume wangu yuko Morogoro, kila siku ananiambia hama. Na nikilalamika, viza yangu haitaguswa?

Kipanga_Bradford
Pole sana dada. Kwanza, usisaini.

Sheria ya wapangaji ya 2025 imefuta mikataba ya muda maalumu kwa nyumba binafsi England kuanzia tarehe 1 Mei 2026. Upangaji unakwenda mwezi kwa mwezi. Ile notisi ya kukutoa bila sababu nayo imefutwa. Akitaka utoke lazima awe na sababu inayotajwa kwenye sheria, na ukigoma aende mahakamani. Wewe ukitaka kuondoka unatoa notisi ya miezi miwili, basi. Kwa hiyo hata ukiamua kuhama, huo mkataba wa miezi 12 hauna nguvu ya kukufunga.

Kodi anaweza kupandisha mara moja tu kwa mwaka, kwa fomu rasmi na notisi ya miezi miwili. Ukiona amezidisha kuliko bei ya soko, unapeleka kwenye baraza la nyumba kabla ya tarehe ya kupanda, na baraza haliwezi kuweka kiasi kikubwa kuliko alichotaka yeye.

Amana: anatakiwa aiweke kwenye mfuko unaotambuliwa ndani ya siku 30. Mifuko iko mitatu: DPS, MyDeposits na TDS. Ingia tovuti zao zote uangalie kwa jina lako. Ukikosa kote, mahakama inaweza kumwamuru akurudishie na akulipe fidia ya mara moja hadi mara tatu ya amana yenyewe. Tafuta risiti ya benki uiweke pembeni.

BintiMkunazini
Mimi nimeshtushwa na mtoto kuliko mengine yote. Mama Neema, hili la kufungua madirisha ndilo wanalotuambia sote. Rochdale, mwaka 2020, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki kwa sababu ya ukungu kwenye nyumba yao. Wazazi wake walikuwa wamelalamika, wakaambiwa wapake rangi. Kuna sheria sasa yenye jina lake, imeanza Oktoba 2025 kwa nyumba za halmashauri na mashirika ya nyumba. Wewe uko nyumba binafsi, haijakufikia, lakini usikae kimya.

Mpeleke kwa daktari, mwambie kuhusu ukungu ili iandikwe kwenye faili. Piga picha zenye tarehe. Mwandikie mwenye nyumba kwa barua pepe, si kwa simu. Asipojibu, omba halmashauri itume mkaguzi wa afya ya mazingira. Huyo anakuja na kipimo chake, na akikuta hatari kubwa, halmashauri ina wajibu wa kuchukua hatua, ikiwemo kumpa mwenye nyumba amri ya kutengeneza. Na mtoto asilale chumba hicho. Mhamishie kwako leo.

Otieno_Manchester
Dadangu, mimi nasema uhame tu. Haki unayo, lakini hiyo nyumba wanauzia dawa za kulevya haitaondoka kwa sababu umeandika barua pepe. Tafuta Oakwood au Gipton, bado uko karibu na kazi. Kabla ya kulipa popote ingia police.uk, weka postikodi, uone matukio mwezi kwa mwezi. Alama za ramani si za nyumba yenyewe, wanazisogeza ili watu wasitambulike, na barabara ya maduka siku zote itaonekana mbaya. Kwa hiyo angalia aina: wizi wa majumbani na wa magari ndio wa kukuhusu. Halafu nenda mwenyewe saa nne usiku, utembee huo mtaa.

PapaEsther_Hull
Mama Neema, jambo. Mimi ni Mkongo, tuliletwa hapa na mpango wa wakimbizi. Ile nyumba ya dawa, usiende kugonga, usipige picha mbele yao. Piga Crimestoppers, shirika linalopokea taarifa za uhalifu, 0800 555 111, hawaulizi jina. Andika saa na siku, namba za gari. Kwa polisi ni 101, na kama hatari iko mlangoni ni 999. Waambie majirani wapige nao, kila mtu kwa simu yake. Mtaa wetu ulikuwa na nyumba kama hiyo, ikafungwa kwa amri ya mahakama baada ya watu wengi kusema. Ilichukua muda mrefu, lakini ilifungwa.

Bwana Otieno, si kila mtu ana pesa ya kuhama. Kule Oakwood kodi ni juu.

Otieno_Manchester
Kweli mzee, lakini mtoto anakohoa sasa, na mahakama haina haraka.

Kipanga_Bradford
Kuhusu viza: masharti yanakataza kuomba misaada ya fedha na nyumba za serikali. Kuomba mkaguzi aje kuangalia ukungu hakumo.

Jirani alivunjiwaje, kitasa, kile kipande cha kuingizia ufunguo, kilikatwa katikati?

MamaNeema
Ndiyo, kimekatika vipande viwili. Asanteni sana wote. Mkataba sisaini. Neema analala kwangu tangu jana na daktari ni Alhamisi. Barua pepe naandika usiku huu. Mwezi huu sihami, ila Jumamosi nakwenda kuangalia Oakwood. Kitasa naweza kubadilisha mwenyewe?

Kipanga_Bradford
Wezi wa West Yorkshire wanaijua sana mbinu hiyo, kitasa cha kawaida kinavunjika kwa sekunde chache. Muombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi, kwenye barua pepe hiyohiyo, na umwambie jirani kavunjiwa. Nunua chenye nyota tatu za TS 007 (kiwango cha usalama wa vitasa), au chenye alama ya Sold Secure Diamond. Pima cha zamani kwanza, kipya kisitokeze nje ya bamba la mlango. Na hiyo milango ya plastiki, ukitoka inua mkono wa kitasa juu halafu zungusha ufunguo. Ukiusukuma tu ukajifunga, haujafungwa.