Mafundi umeme wa magari, mita mnaiogopea nini? Laki sita zimeteketea kwa waya mbili za redio

Habari za muda huu wakuu. Naandika nikiwa na hasira, nikiteleza mtanisamehe. Moderata naomba huu uzi usiunganishwe na ule wa "gari yangu haiwaki". Hapa sitafuti ushauri, ushauri nimeshaulipia. Nimekuja kulalamika.

Gari ni Toyota Spacio, injini 1NZ, otomatiki, tuko nayo mwaka wa nne. Ndiyo gari ya nyumba. Inapeleka watoto watatu shule, inamshusha mama yao kazini, mimi namalizia nayo mjini. Siku ikilala nyumba nzima inalala.

Balaa lilianza mwezi wa tatu. Jumatatu, saa kumi na moja na nusu alfajiri, watoto wameshavaa, nageuza ufunguo: tak tak tak. Taa za dashibodi zinafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Otomatiki huwezi kuisukuma ikawaka, kwa hiyo msianze na hilo. Jirani akasogeza Hilux yake, tukabusti, ikawaka. Jumanne ikawaka yenyewe. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, safi kabisa. Jumatatu iliyofuata: tak tak tak.

Hiyo Jumatatu ikumbukeni. Katika mafundi watatu niliowapitia, hakuna hata mmoja aliyeniuliza gari inalala siku gani.

Fundi wa kwanza alifungua boneti, akaangalia betri, akaangalia ule unga mweupe kwenye kichwa cha taminali, hukumu ikatoka. "Bosi, betri imekufa hii." Nikamwambia ina mwaka na miezi tu. "Aah bosi, betri za siku hizi." Nikatoa 165,000 ya betri mpya, saizi ya NS60. Ule unga, kumbe, unasafishwa kwa maji ya moto na magadi ya kuokea maandazi, unakaza taminali, unapaka grisi kidogo, dakika kumi umemaliza. Betri yangu ya zamani akabaki nayo, eti anisaidie kuitupa. Nani anatupa betri Dar es Salaam hii? Betri chakavu inauzwa kwa kilo kwa sababu ya madini ya risasi yaliyomo ndani! Nilimlipa mtu, kisha nikampa na takrima.

Wiki mbili hazikupita, Jumatatu, tak tak tak. Na betri mpya.

Fundi wa pili ndiye anayenifanya nisilale. Huyu aliwasha gari, halafu injini ikiwa inaunguruma akachomoa taminali ya hasi. Injini ikayumba kidogo, akageuka kunitazama kama daktari anayeleta habari mbaya. "Umeona mzee? Otaneta hiyo." Yaani kile kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka.

Wakuu, hicho kipimo ni cha enzi za magari yasiyo na kontroli boksi, ile kompyuta inayoendesha injini. Betri kwenye gari inayounguruma ni kama godoro, inameza mishtuko ya umeme unaotoka kwenye otaneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaweza kuruka mara kadhaa ya kawaida kwa nukta moja, na hiyo nukta inatosha kuua kontroli boksi au daiodi za otaneta yenyewe. Yaani anapima kwa kuharibu! Mtu mwenye mita ya kupimia volti na ampea angewasha gari, akaweka ncha mbili juu ya betri, akasoma. Ikiwa kati ya volti 13.8 na 14.5, otaneta inachaji, funga boneti tuongee mengine. Ikiwa chini ya 13, haya, tuanze kuiangalia. Ikipita 15, inachemsha betri. Dakika moja, bila kuchomoa chochote.

Na hata bila mita, tumia akili. Kama otaneta ilikuwa imekufa, Jumanne mpaka Ijumaa gari ilikuwa inawaka kwa maombi? Taa ya betri kwenye dashibodi haikuwahi kuwaka hata siku moja. Lakini mimi sikuwa na hiyo akili siku ile, nilikuwa na watoto watatu wanaopanda bodaboda mvua inanyesha. Otaneta ya mtumba 180,000, ufundi 40,000. Yangu ya asili ikabaki gereji.

Mnajua kilichofuata. Ikalala tena, safari hii kazini, maana nilikuwa nimeiacha siku mbili nikaenda msibani. Kuivuta mpaka gereji nyingine 60,000. Huko nikaambiwa stata, ile mota ya kuwashia injini, "inavuta umeme mwingi". Stata! Kitu kinachofanya kazi sekunde mbili asubuhi, kisha kinakaa kimya kutwa nzima, ndicho kimenyonya betri usiku kucha gari ikiwa imezimwa? Nikalipa wakuu. Msinicheke. 150,000 na ufundi 30,000. Ilipolala tena, yule yule akaniambia sasa ni kontroli boksi, nitafute laki nne na nusu. Hapo ndipo nilipoamka usingizini. Jumla nimetoa 625,000, na bodaboda sijahesabu.

Aliyeniokoa si fundi wa gereji. Ni mzee mmoja mtaani kwetu, mstaafu, alikuwa fundi umeme wa kreni bandarini. Nilikuwa nimesimama nje Jumamosi naangalia gari kama naangalia mkwe asiyenipenda. Nikampa shikamoo yake, akaniuliza, nikamweleza. Swali lake la kwanza: "Inalala siku gani, mwanangu?" Nikamwambia Jumatatu. Akacheka. "Basi haifi inapotembea. Inakufa ikiwa imekaa. Kuna kitu kinakula usiku."

Akaenda kuleta mita yake, ya zamani, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Gari imezimwa, ufunguo mfukoni, milango imefungwa. Akachomoa waya wa hasi kwenye betri, akaseti mita upande wa ampea 10, ncha moja kwenye nguzo ya betri, nyingine kwenye ule waya. Yaani umeme wowote unaotoka lazima upite kwenye mita. Akanionya nisithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, ingeungua. Kisha akasema tunywe chai, gari nayo inahitaji muda ilale. Nikadhani anatania, kumbe kweli: vifaa vingine vinachukua dakika kadhaa mpaka nusu saa kujizima vyenyewe, ukisoma mapema unadanganyika.

Tukarudi. Ampea 0.62.

Akaniambia gari ya kawaida ikiwa imezimwa haitakiwi kupita 0.05, hiyo inatosha saa, alamu na kumbukumbu ndogondogo. Yangu ilikuwa inakula zaidi ya mara kumi. Tukapiga hesabu juu ya boneti. Ijumaa saa moja usiku mpaka Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri ni kama saa 58, maana wikendi gari huwa siitoi, kanisa tunatembea. 58 mara 0.62 ni karibu ampea-saa 36. Betri ya ampea-saa 45 inabaki na nini? Usiku mmoja wa kawaida inakula kama sita na nusu tu, kwa hiyo asubuhi inawaka na njiani otaneta inarudisha. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri. Betri nzima, otaneta nzima, stata nzima. Nilinunua vitu vitatu kuchukua nafasi ya vitu vitatu vizima.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja, mimi naita namba. 0.62. 0.62. 0.62. Alipofika fyuzi inayolisha taa ya ndani na redio, mita ikashuka mpaka 0.02. Taa ya ndani ilikuwa imezimwa. Tukang'oa redio.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Hizi gari zinakuja na redio za Kijapani, na wakati zinatengenezwa FM ya Japani ilikuwa inaanzia 76 inaishia 90 huko. Stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo unabaki na stesheni mbili tatu na makelele. Mwaka jana nikachoka, nikaenda kufungiwa redio ya Android yenye skrini kubwa, kijana wa barabarani, dakika arobaini, 50,000 ya kufunga. Redio hizi zina waya wa njano wa umeme wa muda wote, kwa ajili ya kumbukumbu, na waya mwekundu wa kuiambia kwamba ufunguo umewashwa. Yule kijana alikata soketi ya Toyota iliyokuwepo, akasokota njano na nyekundu pamoja, akazungushia tepu, akazisukuma ndani. Redio yangu kwa mwaka mzima haijawahi kujua kwamba gari imezimwa.

Nami nina kosa langu, nipigeni. Tangu siku ile nikizima gari redio ilikuwa inaendelea kuimba, nikawa nazima skrini kwa kitufe. Nilidhani ndivyo zilivyo redio za Android. Skrini inakuwa nyeusi, ubongo uko macho. Kwa betri ya zamani iliyokuwa bado na nguvu, na safari za wikendi tulizokuwa nazo wakati ule, haikujulikana. Tulipoacha kutoka wikendi, ndipo ikaanza kulala.

Na si hilo tu. Kwenye laini hiyo hiyo mzee alikuta fyuzi ya kijani. Kijani ni ampea 30. Kifuniko cha boksi la fyuzi kinasema 15, ambayo ni ya bluu. Kuna mtu fyuzi iliungua, badala ya kuuliza kwa nini imeungua, akaweka kubwa isiyoungua! Wakuu, fyuzi ikiwa kubwa kuliko waya, waya ndiyo inageuka fyuzi. Inaungua waya, nyuma ya dashibodi, penye plastiki na sponji, na watoto wangu wamekaa nyuma wamefunga mikanda. Hili ndilo linaloniuma kuliko zile laki sita.

Tumetenganisha waya, nyekundu imekwenda kwenye laini ya ufunguo, imechomelewa vizuri, fyuzi ya bluu imerudi. Leo ni wiki ya tano, Jumatatu zote inawaka kwa mguso mmoja. Mzee alikataa hela, akakubali kilo mbili za sukari. Mita nimenunua yangu Kariakoo, 25,000. Kila Jumapili jioni napima betri: ikiwa 12.6 najua imejaa, ikifika 12.2 najua kuna jambo. Imekuwa 12.4, kwa sababu hii "mpya" ilishalazwa hadi chini mara nne, na betri ya gari ikiishiwa kabisa mara kwa mara salfeti ya risasi inaganda kwenye bamba zake na hairudi ilivyokuwa.

Najua wapo watakaosema "rahisi ina gharama, ungeenda gereji kubwa". Fundi wa tatu ana gereji kubwa, ana geti, ana mlinzi, ana kiti cha wateja na TV. Mita sikuiona.

Nilirudi kwa fundi wa pili kudai otaneta yangu. Akaniambia wameshaiuza chuma chakavu. Nikamwuliza, otaneta mbovu mliiuza kwa nani, na hii mliyonifungia mliitoa kwenye gari ya nani? Akasema ana mteja, akaingia chini ya Noah. Simu zangu hapokei tena.

Sasa swali langu ni moja. Kuna mtu humu aliwahi kurudishiwa hela au spea yake na fundi? Alipitia wapi? Mwenyekiti wa mtaa ameniambia nilete risiti, na gereji zote tatu hakuna aliyewahi kunipa karatasi. Nina meseji za kutuma pesa kwa simu na picha ya zile waya mbili zimesokotwa. Hizo zinatosha?