MREJESHO: Jedwali la stoo lililokuwa linajaza diski

Wakuu, nimerudi. Wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini jedwali la stoo kwenye PostgreSQL (programu ya hifadhidata) limefika GB 6 wakati rekodi zake ni kama laki mbili tu. Wengi mliniambia nitafute muamala (kundi la amri za hifadhidata zinazohesabiwa kama kazi moja) uliobaki wazi. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilifungua pg_stat_activity, orodha ya waliounganishwa na hifadhidata, nikakuta mstari mmoja "idle in transaction", yaani muamala uko wazi lakini haufanyi kitu, una siku 11! Ni programu ya ripoti niliyoiandika mwenyewe: inaanza muamala, inasoma, haifungi. Ukibadilisha rekodi, PostgreSQL huandika mpya na kuiacha ya zamani mpaka VACUUM, amri yake ya usafi, ije kuisafisha. Na VACUUM haigusi kitu ambacho muamala wa zamani huenda bado ukahitaji kukiona. Salio letu la stoo hukokotolewa upya kila saa na rekodi hubadilishwa, kwa hiyo uchafu ulirundikana.

Muamala huo nimeukata kwa pg_terminate_backend na kuweka idle_in_transaction_session_timeout ya dakika 5, ili ukikaa wazi bure zaidi ya hapo ukatwe wenyewe. Usiku, duka limefungwa, nikaendesha VACUUM FULL, inayoliandika jedwali upya na kurudisha nafasi ya diski. Nilisubiri usiku maana hiyo hufunga jedwali zima, hata kusoma huwezi. Sasa ni MB 60. Aliyenikumbusha kwamba inaandika nakala mpya, hivyo niache nafasi kwanza, ameniokoa kweli. Asante sana.

PostgreSQL ni programu iliyoanzia chuo kikuu cha Berkeley, Marekani, mwaka 1986, haimilikiwi na kampuni yoyote, na bado mtu anakaa kunielekeza bure. Imenigusa mno.

Swali limebaki moja: jedwali kama hili, autovacuum (VACUUM inayojiendesha yenyewe) mnaipanga vipi?