Wingi wa majina ya vyakula vya kigeni katika Kiingereza: tufuate kanuni ya lugha gani?

Mhariri_wa_Mapishi

Ndugu wanajukwaa, ninahariri kitabu cha mapishi kitakachochapishwa kwa Kiingereza, na nimekwama kwenye wingi wa majina yaliyokopwa. Mwandishi ametumia "paninis" na "espressos", lakini kurasa chache mbele anaandika "biscotti" bila kuongeza chochote. Ninavyofahamu, katika Kiitaliano "panini" ni wingi wa "panino", kwa hiyo "paninis" ni wingi uliowekwa juu ya wingi. Je, nisahihishe kila neno kwa kufuata sarufi ya lugha lilikotoka, au niyaache yote yachukue "s"? Ningependa kanuni ninayoweza kuitetea mbele ya mwandishi.

Mwalimu_Sarufi

Kanuni ya msingi ni kwamba neno likishapokewa, husimamiwa na sarufi ya lugha iliyolipokea. Sisi wenyewe tulichukua neno la Kiarabu "kitabu", tukalisikia kana kwamba lina kiambishi "ki-", tukapata "vitabu", wala hakuna anayetudai tuseme "kutub". Waingereza nao walilipokea "panini" kama jina la mkate mmoja uliotiwa vitu ndani, na kwao irabu ya mwisho haina habari yoyote ya idadi. Mnunuzi anayetaka mkate mmoja huomba "a panini". Akitaka miwili, "s" inakuja yenyewe. Kumlazimisha aseme "panino" ni kumtaka azungumze Kiitaliano katikati ya sentensi ya Kiingereza.

"Spaghetti" imekwenda mbali zaidi. Kwa Waitaliano ni wingi, na kitenzi chake huwa cha wingi; kwa Waingereza imekuwa jina la kitu kisichohesabika, kama mchele au unga, na kitenzi chake ni cha umoja. Sijapata kumwona mhariri makini akiandika "spaghetti are" katika kitabu cha mapishi, hata kama anakijua Kiitaliano vizuri.

Kuhusu "biscotti", usishangae ukikuta ikitumika kwa umoja na kwa wingi. Biskuti hizo kwa kawaida huliwa au kuuzwa zaidi ya moja, kwa hiyo haja ya kutofautisha idadi haijitokezi mara nyingi.

Mpenzi_wa_Historia_ya_Maneno

Naomba niongeze upande wa pili wa jambo hili, kwa sababu mimi huuona mtamu kuliko wa kwanza. Kiingereza hakiongezi "s" tu, bali pia huiondoa pale ambapo haikuwa alama ya wingi hata kidogo. Zamani njegere ziliitwa "pease", na sauti ile ya mwisho ilikuwa sehemu ya shina. Wasemaji wakaidhania kuwa ni wingi, wakaikata na kupata "pea". "Cherry" nayo ilitokana na "cherise" ya Kifaransa cha Wanormani kwa njia hiyo hiyo. Hata leo mkondo huo haujakauka: "gyros" ya Kigiriki, yaani nyama ya kuchoma inayofungwa ndani ya mkate, ni umoja, lakini Marekani wengi huagiza "a gyro". Kwa Kihispania chakula cha unga wa mahindi kinachopikwa ndani ya majani huitwa "tamal" kwa umoja na "tamales" kwa wingi, ilhali wasemaji wa Kiingereza waliusikia wingi kwanza, wakaondoa "s" peke yake na kubaki na "tamale".

Anayeona "paninis" ni uharibifu, basi awe tayari kuikataa "pea" pia.

Mhariri_wa_Mapishi

Nashukuru sana, hoja ya "pea" nitaitumia. Bado nina maswali mawili. Je, maneno yanayoishia na "o" yaandikwe kwa "-os" au "-oes"? Na je, "sushi" ipewe "s"?

Mwalimu_Sarufi

Kwa maneno ya "o", umri na mazoea ndivyo vinavyoamua zaidi. "Potatoes" na "tomatoes", ambayo yamekaa katika Kiingereza kwa karne kadhaa, huchukua "-oes" bila ubishi. Yale yanayosikika bado kuwa ya kigeni, kama "espressos", "cappuccinos" na "burritos", huchukua "-os". "Mango" inakubali yote mawili, kwa hiyo chagua moja na uishike hadi mwisho wa kitabu.

"Sushi" iache ilivyo. Nomino za Kijapani kwa kawaida hazibadiliki kwa wingi, na Kiingereza nacho kimeichukulia kuwa kitu kisichohesabika. Ukitaka idadi, hesabu vipande vyake. Vinywaji ni tofauti kidogo, kwa maana kahawa haihesabiki ikiwa kwenye birika, lakini ikishaagizwa kwa vikombe, "two coffees" na "two lattes" ni Kiingereza safi.

Ugumu utaupata kwenye "gateau", yaani keki, kwa kuwa kamusi hukubali "gateaux" ya Kifaransa pamoja na "gateaus". Hapo mimi ningeandika "gateaux", kwa sababu wasomaji wa vitabu vya mapishi wameizoea, lakini "pizze", wingi wa "pizza" kwa Kiitaliano, nisingeiandika kamwe. Mwulize mwandishi ni kamusi gani anayoifuata, kisha uandae orodha ya maneno yote ya aina hii kabla hujagusa sura ya pili.