Kuitungia bendi ya wanafunzi muziki mpya: nianzie wapi?

Mtunzi wa Kwaya
Ndugu wanamuziki, nimetungia kwaya kwa miaka mingi, na sasa shule moja ya sekondari imeniomba kazi mpya ya dakika 5 kwa bendi yake ya ala za kupuliza. Vijana ni 22: wapo wa filimbi, klarineti, saksofoni, tarumbeta na tromboni, tuba moja, na ngoma. Natamani wapige sauti ambazo hawajawahi kuzizoea, tofauti na nyimbo za gwaride, lakini rasimu yangu ya kwanza iliwakwamisha wapiga klarineti katika baa (kipimo cha mapigo) ya tatu, wanapotoka nota A ya katikati kupanda nota B. Je, nirahisishe kila kitu?

Mpiga Klarineti
Mwalimu, kosa hilo si la vijana. A hiyo hupigwa kwa kidole kimoja tu, ilhali B inayofuata inadai vidole karibu vyote vizibe matundu kwa wakati mmoja huku kidole gumba kikibonyeza kitufe cha nyuma. Kwenye karatasi ni hatua moja ndogo, na aliyezoea kutungia waimbaji hawezi kuuona ugumu wake mpaka akae karibu na anayepiga. Wape mwendo huo polepole, au mstari mzima ubaki upande mmoja, chini au juu ya mpito huo. Kagua pia pumzi: mpiga tuba akiwa peke yake hana wa kupokezana naye, kwa hiyo usimwandikie sauti ndefu zisizo na pengo.

Mwalimu wa Bendi
Ushauri huo ni sahihi, ila nakusihi usirahisishe kila kitu. Karel Husa, mtunzi mzaliwa wa Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, aliiandikia bendi ya wanafunzi wa Ithaca College kazi yake *Music for Prague 1968* baada ya majeshi ya Kisovieti na washirika wake kuivamia Chekoslovakia Agosti mwaka huo, na wanafunzi hao ndio walioipiga kwa mara ya kwanza, mjini Washington, Januari 1969. Ni kazi ngumu, nami naipenda mno. Hata hivyo, kuelekea mwisho wake wapigaji huachiwa warudierudie vifungu vyao bila mapigo ya pamoja, na vurugu hiyo ya sauti haidai wepesi wa vidole kwa kiwango ambacho msikilizaji angedhani. Mtunzi Michael Colgrass naye, katika *Old Churches*, aliwatungia wanafunzi wachanga zaidi kwa kutumia michoro sahili badala ya nota katika baadhi ya sehemu, wakatoa mnong'ono kama wa watawa wanaosali. Upya wa muziki unaweza kutoka katika sauti zenyewe: kupuliza hewa tupu ndani ya tarumbeta, kugongagonga vitufe vya saksofoni, tromboni kuteleza taratibu kutoka sauti moja hadi nyingine.

Mtunzi wa Kwaya
Nashukuruni sana. Nimeihamishia baa ya tatu kwenye filimbi, na klarineti nimeziweka chini, ambako sauti yao ni nene na nzuri kuliko nilivyotarajia. Jumamosi nitapeleka kurasa mbili tu, pamoja na kifungu kimoja cha michoro, niwasikie vijana wenyewe wakikijaribu kabla sijaandika zaidi.

Mwalimu wa Bendi
Peleka pia penseli, na uwaachie vijana waandike kwenye nakala zao mahali wanapohitaji kuvuta pumzi.