Uasi wa Wazanji, mwaka 869: ni historia yetu au tunajipachika?

Mtoa mada:
Wakuu, mwaka 869 Waslavi wanaukumbuka kwa kifo cha mmisionari wao Cyril kule Roma, Wajapani kwa tetemeko na tsunami ya Jogan. Humu kwetu ni Wazanji tu, watumwa weusi walioasi kusini mwa Iraq. Walianza Septemba, wakaiteka Basra mwaka 871, wakajenga mji wao wa al-Mukhtara na kupiga sarafu zao, na ukhalifa wa Bani Abbas haukupumua hadi 883. Hapo sina ubishi. Ninapogoma ni pale mtu anapomalizia kwa "hao ni babu zetu wa pwani". Kiongozi wao, Ali bin Muhammad, hakuwa Mzanji wala mtumwa. Alikuwa mtunga mashairi mwenye asili ya upande wa Rayy, Uajemi. Mabedui nao walipigana upande wake. Sisi tukisikia "Zanji" tayari tunaiona Zanzibar.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, kwa nini tusiione? Al-Jahiz, mwandishi wa Basra hiyohiyo aliyefariki miezi michache kabla ya uasi, aliwataja Wazanji wa Qanbalu na wa Lanjuya. Qanbalu wanahistoria wengi wanaiweka Pemba. Lanjuya itamke polepole uone kama husikii Unguja. Watu wa Basra walijua wanayemwita Mzanji katoka wapi.

Mtoa mada:
Kuvijua visiwa ni jambo moja, idadi ni jingine. Waliokuwa wakikwangua tabaka la chumvi kwenye ardhi ya Basra ili ilimike walikuwa maelfu kwa maelfu. Wote watoke pwani yetu ambayo miji yake kama Shanga na Unguja Ukuu ilikuwa ndiyo kwanza inakua? Wapo wanahistoria wanaosema jina Zanji lilikuja kumkumba karibu kila mtu mweusi aliyefanya kazi ile, awe wa kwetu, Mhabeshi au Mnubi. Nipo nao.

Mchangiaji wa pili:
Nyie mnagombania pasipoti. Kinachonikera mimi ni kwamba watu hao waliolishwa unga na tende kwa kazi ya punda, walipoingia Basra waliwauza wanawake wa mji kambini kwao. Ali alikuwa amewaahidi mali na watumwa wao wenyewe. Sasa mkiwadai kuwa babu, na hilo mlibebe.

Mchangiaji wa kwanza:
Nalibeba, sikatai. Ila mtoa mada bado hajanijibu. Mwanahistoria Tabari anasimulia kwamba Ali alipowahutubia siku za mwanzo, aliwaagiza walioelewa wawaeleze wenzao wasiojua Kiarabu. Kwa hiyo walikuwapo waliofika juzijuzi, lugha ya kwao ingali mdomoni. Lugha gani hiyo?

Mtoa mada:
Hapo umenibana kidogo. Leta neno moja tu la lugha hiyo lenye sura ya Kibantu, uzi naufunga mwenyewe.