Tupeane uzoefu: kwa nini wazazi wanapeleka watoto wachanga kwa osteopathia ya fuvu?

Mwanzisha uzi (Tudor)
Wenzangu, salamu. Huku Mombasa swali hili linaulizwa zaidi kila kukicha, toka Nyali mpaka Likoni. Naomba wanaoshughulika na watoto kazini waandike wanachokijua: wazazi wanaletwa na nini, na nini cha kuangalia kabla ya kulipa.

Naanza na asili yake. Osteopathia, yaani tiba ya kushika mifupa na misuli kwa mikono, ilianzishwa Marekani na Andrew Taylor Still mwaka 1874. Tawi la fuvu lilikuja baadaye kwa William Sutherland, aliyeamini kwamba mifupa ya kichwa inacheza kidogo kwa mdundo wake, na kwamba mikono iliyofunzwa inaweza kuusikia mdundo huo na kuurekebisha. Mtoto hubaki na nguo zake. Mtaalamu huweka viganja chini ya kichwa na chini ya kiuno, kwa mguso mwepesi mno, dakika 30 hadi 45. Hakuna kuvunjwa wala kukamuliwa. Wanaodhani ni kama kukandwa na bibi hushangaa, maana kwa macho hakuna kinachofanyika.

MkungaLikoni
Kwangu sababu ya kwanza ni umbo la kichwa baada ya kuzaliwa. Mama kasukuma muda mrefu, au mtoto kavutwa kwa vakyumu, kile kifaa cha kunyonya kichwani, kichwa kimetoka kirefu kama papai. Mzazi anaogopa na anataka mtu akiweke sawa. Kichwa cha namna hiyo hujirudi chenyewe ndani ya siku chache, kwa sababu mifupa ya fuvu la mchanga haijaungana; ndivyo ilivyoumbwa ili ipishane njiani.

Uvimbe ndio wa kuutazama vizuri. Ukiwa laini, umevuka mstari wa katikati ya kichwa, na ulionekana palepale alipozaliwa, ni maji ya ngozi, utaisha kwa siku mbili tatu. Ukitokea baada ya saa kadhaa na ukaishia kwenye mpaka wa mfupa mmoja, upande mmoja tu, hiyo ni damu iliyojikusanya juu ya mfupa. Inachukua wiki, pengine miezi. Msiukande, msiukamue, wala asiruhusiwe mtu kuutoboa. Damu hiyo ikivunjika humwongezea mtoto manjano, kwa hiyo mtazameni macho na ngozi kwenye mwanga wa mchana. Na uvimbe unaotambaa kichwa kizima huku mtoto akipauka, huo ni wa hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na feri ina foleni.

Niongeze hapa kwa sababu ni ya pwani hasa. Vile vidonge vyeupe vya naftalini tunavyotia kabatini na nguo za mtoto ni hatari kwa mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na upungufu huo si haba katika ukanda wetu. Damu yake huvunjika na manjano hupanda ghafla. Nguo za kurithi zilizokaa na vidonge hivyo zifuliwe na zianikwe juani, na akishaonekana manjano msimvishe tena.

MamaNyonyesha (Bamburi)
Wengine wanakwenda kwa sababu mtoto ananyonya titi moja tu na la pili analilia. Wanaambiwa taya limebana. Huenda ni shingo, ndugu yetu wa fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) ataeleza. Lakini mara nyingi ni jinsi mtoto alivyowekwa.

Jaribuni hili kwanza. Titi analolikataa, mwekeni chini ya kwapa la upande huohuo, miguu ikielekea mgongoni kwa mama, ili kichwa kibaki kimegeukia upande anaoupenda. Pua ielekee chuchu, msubiri afungue kinywa wazi kabisa, kidevu kiguse titi kwanza. Mkono wa mama ushike mabega na shingo, usisukume kisogo, maana mtoto akisukumwa kisogo hujirusha nyuma. Chuchu ikitoka imechongoka kama ncha ya kalamu, hajashika vizuri. Mtoeni kwa kutia kidole pembeni mwa mdomo, muanze upya.

Kujua kama anashiba: mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na kuanzia siku ya tano nepi zilizolowa zisipungue 6 kwa siku. Kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida, ila afikapo wiki 2 awe amerudia uzito wa kuzaliwa. Asiporudi hapo, aangaliwe ulimi, aangaliwe na daktari, kabla ya kitu kingine chochote.

Fizio_Kisauni
Shingo na kichwa bapa. Hapa nitakaa kidogo.

Kuna msuli unaotoka nyuma ya sikio mpaka kwenye mtulinga. Ukiwa mfupi upande mmoja, kichwa huinamia upande huo na uso hugeukia upande wa pili. Wa kulia ukibana, kichwa kinainama kulia, uso unatazama kushoto. Wakati mwingine, mtoto akiwa na wiki 2 hadi 4, mzazi hupapasa kidonge kigumu ndani ya msuli. Wengi wanaoambiwa kwamba fuvu limepinda wana tatizo hili, na dawa yake ni mazoezi ya kila siku nyumbani. Wakianza kabla ya miezi 3 hupona upesi zaidi kuliko wakianza wamechelewa.

Mtoto achunguzwe kwanza, na nyonga zake pia, kwa sababu shingo iliyobana huandamana na nyonga isiyokaa vizuri mara nyingi kuliko mtu anavyodhani. Baada ya hapo, kwa msuli wa kulia: mlaze chali, kiganja kimoja kishike bega la kulia lisiinuke, kingine kigeuze uso polepole kwenda kulia mpaka kidevu kikaribie bega. Shikilia sekunde 10 hadi 15. Kisha rudisha uso katikati na uinamishe sikio la kushoto kuelekea bega la kushoto, muda uleule. Rudia mara 3, kila unapobadilisha nepi. Akikaza msuli dhidi yako, acha, mchekeshe, ujaribu tena. Makosa ninayoyaona ni mawili: bega linaachwa liinuke, hivyo kinachonyooka ni mgongo badala ya shingo, na watu wanasubiri mtoto alale ndipo wafanye, wakati akiwa macho angefuata sauti ya mama na kugeuka mwenyewe.

Kichwa bapa hutokana na kulala upande mmoja. Kulala chali kuendelee, hiyo ni kinga ya vifo vya ghafla usingizini. Mnachobadilisha ni upande wa mwanga na wa watu: geuzeni kichwa na miguu kitandani ili dirisha liwe upande asioupenda. Akiwa macho, mlazeni kifudifudi kifuani kwenu au mkekani, dakika 3 hadi 5, mara 2 au 3 kwa siku, mkiongeza taratibu. Mto wa kutengeneza kichwa usiwekwe kitandani.

Mtazameni kutoka juu. Bapa la kulala husukuma sikio la upande huo mbele. Sikio likiwa limerudi nyuma, au mkipapasa tuta gumu kwenye mshono wa fuvu, pale mifupa miwili inapokutana, au kichwa kinazidi kupinda ingawa mtoto anageuzwa, huenda mishono imefunga mapema. Hilo linahitaji daktari wa upasuaji wa kichwa, na mikono haiwezi kuifungua. Mwombeni muuguzi apime mzunguko wa kichwa kwa utepe kila mnapokwenda chanjo za wiki 6, 10 na 14, na namba iandikwe kitabuni.

KlinikiChangamwe
Sababu inayoongoza zote ni kilio. Chango, kama tunavyoita sisi. Mtoto analia jioni, anakunja miguu, anakuwa mwekundu, na mama hajalala. Kilio cha wachanga hupanda kuanzia wiki ya 2, hufika kilele karibu na wiki ya 6, na hupungua kufikia miezi 3 au 4. Tazameni hesabu hiyo: mzazi huchoka wiki ya 6, analipia vipindi 3 au 4, na wiki ya 10 mtoto ametulia. Angetulia vilevile bila kuguswa na mtu.

Mwaka 2012 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 6 ya tiba za mikono kwa watoto wenye chango, watoto 325 kwa jumla. Wazazi wengi waliripoti kilio kupungua. Ila yalipohesabiwa yale tu ambayo mzazi hakujua kama mwanawe ametibiwa au la, tofauti haikusimama tena. Na huo mdundo wa fuvu: wataalamu wawili wakimshika mtu mmoja, hesabu zao hazilingani. Sisemi wazazi wanadanganywa wote. Dakika 45 za kusikilizwa bila haraka ni kitu kikubwa kwa mama aliyechoka, na foleni zetu za kliniki haziwapi. Hilo tulikubali sisi wa kliniki.

Kabla ya kuita kilio chango, mvueni nguo zote. Unywele uliojizungusha kwenye kidole cha mguu au uume, ngiri iliyovimba kinenani, ncha ya pini inayomchoma. Kisha hospitali bila kusubiri ikiwa: joto ni 38 au zaidi na hajafika miezi 3, anatapika kijani, anatapika kwa kuruka mbali kila anyonyapo, hasa wiki ya 3 hadi 6, choo kina damu, utosi umetuna akiwa ametulia, au umebonyea na nepi ni kavu, analegea, anakataa kunyonya kabisa. Mtoto wa namna hii akilazwa kwenye kitanda cha tiba ya fuvu, hata kwa mguso mwepesi, saa zinapotea. Madhara ya tiba hii ninayoyaogopa ni hayo ya kuchelewa.

Jioni ikiwa nzito, tembea naye umemkumbatia dakika 5 mfululizo bila kusimama, halafu kaa naye amelala mikononi dakika 5 hadi 8 ndipo umlaze. Ukiona hasira inakupanda, mweke chali kitandani, toka mlangoni, mwite jirani. Kamwe asitikiswe.

BintiMjiWaKale
Swali. Bibi yake mtoto anasema kwa nini tulipe wakati yeye anamkanda kwa mafuta ya nazi na kumnyoosha kichwa na pua?

MkungaLikoni
Bibi apewe heshima yake, na mwili amkande: kijiko kimoja cha mafuta, viganja vya joto, nusu saa baada ya kunyonya, tumboni kwa kuzunguka kama saa inavyokwenda. Kichwani apake tu, asibonyeze. Pua asivute, na mafuta yasidondoshwe puani, yanaingia mapafuni. Siku za joto mumwogeshe baadaye, mafuta yakikaa yanaleta vipele.

Fizio_Kisauni
Na aliyeamua kwenda kwa osteopathi aulize haya kwa simu kabla ya kupanga siku: amesomea wapi na kwa miaka mingapi; amesajiliwa na nani. Uingereza kuna sheria yao ya 1993 na orodha ya majina iliyo wazi, kwa hiyo anayedai amesajiliwa huko mtamtafuta kwa dakika moja. Sisi wafiziotherapia wa Kenya tuna sheria yetu ya 2014, ulizeni namba vilevile. Vipindi ni vingapi, na akiona hakuna mabadiliko baada ya 2 atafanya nini? Anayewauzia 10 kwa mpigo, au anayewaambia muache chanjo au dawa ya daktari, kateni simu. Siku ya kwenda chukueni kitabu cha kliniki. Asipokifungua, ondokeni.